Mji Uliozaliwa Penye Maporomoko: Historia ya Makiso na Deni la Ramani Yake

Mkitoka Misa ya Dominika katika Kanisa Kuu la Bikira Maria wa Rozari, hapa Makiso, hamwendi hatua nyingi kabla ya kufika kwenye ukingo wa mto. Ng'ambo ile mnaona Lubunga. Ni komuni mojawapo kati ya komuni sita za Kisangani, sawa kwa sheria na Makiso, Tshopo, Kabondo, Mangobo na komuni yenyewe iitwayo Kisangani. Lakini hakuna daraja. Mwanafunzi wa Lubunga mwenye mtihani upande huu, mama mwenye uchungu wa kujifungua, mfanyabiashara mwenye vikapu vya mihogo, wote huvuka kwa mtumbwi au hungoja kivuko. Mji wetu umekatwa na mto kama kitambaa kilichochanwa katikati. Tuliulizwa na kikundi kimoja cha vijana kwa nini mji ulijengwa hivyo, na kwa nini mitaa yake mipya inapanuka bila njia wala mitaro. Swali hilo halijibiwi kwa kulaumu watawala wa leo peke yao. Inatupasa kurudi nyuma sana.

Mwanzo wa yote ni maporomoko. Kutoka Ubundu hadi hapa mto unashuka kwa ngazi saba katika mwendo wa kilomita zipatazo 100, na ngazi ya mwisho iko mlangoni mwa mji. Hapo Wagenia walikuwa wakivua tangu zamani, wakisimika magogo makubwa katika miamba na kuning'iniza mitego yao mipana ya fito katikati ya maji yaendayo kasi. Chini ya maporomoko hayo mto hutulia, na chombo kinaweza kwenda hadi Kinshasa, safari ya kilomita zaidi ya 1,700, pasipo kuzuiwa na mwamba. Hivyo kila aliyepanda mto kutoka magharibi alilazimika kusimama hapa, na kila aliyeshuka kutoka mashariki alilazimika kushusha mizigo yake hapa. Penye kushusha mizigo huzaliwa soko. Penye soko hujengwa vibanda. Na vibanda vikizidi, huitwa mji. Jina lenyewe Kisangani, wazee hueleza, linatokana na neno la kisiwa, kwa maana makao ya kwanza yaliyojulikana na wageni yalikuwa visiwani.

Stanley alipita hapa mwezi wa Januari 1877, akashuka na mto. Alirudi Desemba 1883 kwa kazi ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, akaanzisha kituo katika kisiwa karibu na maporomoko. Lakini Wazungu hawakuwa wageni wa pekee. Kutoka mashariki walikuwa wamekwisha kufika wafanyabiashara wa pwani, na mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mtu wa Zanzibar, aliyejulikana kote kwa jina la Tippu Tip. Mwaka 1886 kituo cha Stanley Falls kiliteketea katika ugomvi na watu wa pwani, na mwaka uliofuata Leopold, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kukirudisha, alimfanya Tippu Tip mwenyewe kuwa wali wa mahali hapo. Ni jambo la ajabu katika historia yetu: mji huu uliwahi kutawaliwa na mtu wa Zanzibar kwa mshahara wa mfalme wa Ubelgiji. Watu wa pwani walituletea mpunga na lugha hii tunayoiandika. Walileta pia minyororo. Pembe za ndovu zilibebwa na watu waliotekwa, na hatupaswi kuisimulia biashara ile kana kwamba ilikuwa ya mchele na nguo tu. Vita vya 1892 hadi 1894 viliukomesha utawala wao, na baadaye kitovu cha serikali kikatua ukingo wa kulia, mahali panapoitwa leo Makiso.

Kanisa nalo liliingia mapema katika ujenzi wa mji, nasi hatuwezi kuliacha nje kwa unyenyekevu usio wa kweli. Padre Gabriel Grison wa Shirika la Mapadre wa Moyo Mtakatifu wa Yesu alifika mwaka 1897, na Noeli ya mwaka huo ndipo ilipoanzishwa misheni ya Mtakatifu Gabrieli. Misheni ya siku zile haikuwa kanisa peke yake. Ilikuwa na tanuri la matofali, karakana ya useremala, shule, shamba na zizi. Kisha ukaja mkataba wa tarehe 26 Mei 1906 kati ya Kiti Kitakatifu na Dola Huru ya Kongo, ambao uliahidi kila misheni ardhi ya hekta 100, na hata 200, kwa sharti la kuendesha shule. Kumbukeni tarakimu hizo. Nyingi za nafasi pana zilizosalia katika miji ya Kongo, viwanja vya shule, bustani za masista, mashamba yaliyozingirwa leo na nyumba, asili yake ni mikataba ya namna hiyo. Tutarudi kwenye jambo hili, maana linatuhusu kuliko tunavyopenda.

Mwaka huohuo wa 1906 reli ya kwenda Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, ilifunguliwa: kilomita 125 za kuzunguka maporomoko. Wahandisi waliipitisha ukingo wa kushoto. Kwa hesabu zao ilikuwa sawa, maana shabaha yao ilikuwa kuunganisha meli za chini na meli za juu, si kuunganisha watu wa mji. Basi stesheni ikawa Lubunga na ofisi zikawa Makiso, na mto ukabaki katikati. Nairobi pia ilizaliwa na reli, mwaka 1899, kwenye bonde lenye majimaji lililowafaa mafundi wa reli kwa kupumzikia kabla ya kupanda milima. Hakuna aliyeuliza kama panafaa kuishi mamilioni ya watu. Ndivyo ilivyo kwa miji mingi ya bara letu. Mahali palichaguliwa na mzigo, halafu binadamu wakaja kuishi na uchaguzi wa mzigo.

Makiso tunayoitembelea, yenye njia pana na miembe mikubwa pembeni, ilichorwa kwa ajili ya wachache. Stanleyville ya wakoloni ilikuwa miji miwili katika jina moja. Katikati, karibu na mto, walikaa Wazungu na maduka yao. Jina la mtaa wa Kilima ya Bahindi latukumbusha kwamba wafanyabiashara wa Asia nao walikuwa na sehemu yao. Waafrika waliwekwa mbali, katika makao yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka, na amri ya mwaka 1931 ilizipa sehemu hizo utawala wake wa pekee, mbali na mji wa Wazungu na mbali na machifu wa vijijini. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea katikati ya mji bila kibali. Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta hapa Stanleyville, aliufahamu mpaka huo kwa miguu yake mwenyewe: mchana alihudumia wateja mjini, jioni alirudi upande wake.

Hata hivyo, lazima tuseme kweli yote. Mistari ile iliyonyooka ilikuwa na mitaro. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni, ikiwa na mpango wake wa miaka 10, ilijenga nyumba za Waafrika katika miji mikubwa, ikavuta maji ya bomba, na juu ya mto Tshopo likajengwa bwawa la umeme. Anayetembea leo katika komuni ya Tshopo, akihesabu avenyu kwa namba, anatembea juu ya ramani ya wakati ule. Kosa la ramani ile halikuwa kwamba haikupangwa. Ilipangwa vizuri sana, kwa kusudi baya, na kwa idadi ya watu ambayo ilidhaniwa haitabadilika kamwe.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, mpaka kati ya miji miwili ulivunjwa, na jambo hilo lilikuwa haki. Lakini hakuna muda uliopatikana wa kuchora upya. Agosti 1964 mji ulitekwa na Simba, Novemba wakashuka askari wa miavuli wa Ubelgiji, na damu nyingi ikamwagika, ya wenyeji na ya wageni, ya mapadre, masista na walei. Mwaka 1966 mji ukaacha jina la Stanleyville ukaitwa Kisangani; mwaka uliofuata mamluki wakaasi humuhumu. Kisha kulikuwa na miaka ya matumaini: chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1963 kikakua, kiwanda cha nguo cha Sotexki kikaajiri watu, uwanja mpya wa ndege wa Bangoka ukajengwa nje ya mji kuchukua nafasi ya Simi-Simi. Ramani, hata hivyo, ilibaki ya zamani. Amri ya ujenzi wa miji iliyotumika ilikuwa ile ya tarehe 20 Juni 1957, iliyoandikwa na Wabelgiji miaka mitatu kabla ya kuondoka.

Halafu vita vya Juni 2000. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana katika mji wetu kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni, yakirushiana makombora juu ya paa za watu ambao hawakuwa na ugomvi nao. Daraja la Tshopo liligombewa kwa ukali. Mamia ya nyumba yaliharibiwa, na Kanisa Kuu lenyewe likapata majeraha. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda mwaka 2005, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325 kwa maovu iliyoyatenda katika Kongo. Sisi tunataja vita hivi katika makala ya mipango ya mji kwa sababu moja: vita hubomoa kuta, na pia huvuruga hesabu ya nani anakaa wapi. Familia zilikimbia Makiso zikaenda msituni, nyingine zilitoka msituni zikaingia Makiso. Hati za ardhi ziliungua, mashahidi walikufa. Aliyerudi alimkuta mwingine chini ya mwembe wake.

Tena, ni katika miaka ile migumu, magari yalipotoweka na mafuta yakawa adimu, ndipo toleka walipotawala barabara: vijana wa baiskeli waliobeba abiria juu ya kiti cha nyuma chenye mto wa sponji, na mizigo kutoka vijiji vya mbali. Pikipiki zimewapunguza siku hizi. Lakini tunapenda kusema wazi kwamba kwa miaka kadhaa mji mzima ulilishwa na miguu ya vijana hao, na hakuna ramani iliyowahi kuwachorea njia.

Leo Kisangani inahesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja. Inahesabiwa, tunasema, kwa kuwa sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanywa mwaka 1984. Mwenye kupanga shule, visima na hospitali hufanya hivyo kwa kukisia. Na mji haukui kwa sababu viwanda vinaita wafanyakazi, kama ilivyokuwa kwa miji ya Ulaya. Viwanda vyetu vingi vimenyamaza. Unakua kwa sababu watoto wanazaliwa, na kwa sababu vijijini usalama unapotea. Tangu mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola, upande wa Lubunga na zaidi, umewasukuma watu kwa maelfu kuvuka mto. Waliofika walilala kwanza chini ya mahema na katika majengo ya watu wema. Baadaye, polepole, wengine walitafuta parseli pembezoni: kwenye barabara ya Buta, ya Ituri, ya Lubutu, mahali ambapo makazi huitwa kwa namba za kilomita kwa sababu bado hayana jina.

Hapa ndipo inafaa tueleze jinsi kiwanja kinavyopaswa kuzaliwa, maana vijana wengi mtanunua parseli ya kwanza katika miaka hii. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Dola pekee, na haiwezi kuuzwa. Raia hupewa haki ya kuitumia. Kwa utaratibu, wataalamu wa serikali hupima kwanza eneo zima. Huweka alama za barabara, huacha nafasi ya mtaro, ya shule, ya soko, ya zahanati, ya uwanja wa michezo. Baada ya hayo ndipo viwanja vinakatwa na kupewa namba, na mtu anajenga. Njia, maji, nyumba: huo ndio mpangilio.

Sisi tunafanya kinyume. Mwenye ardhi wa jadi, ambaye kwa macho yake mwenyewe ardhi ya babu zake haikuwahi kuwa ya Dola, anauza kipande. Mnunuzi anapewa karatasi yenye sahihi za mashahidi. Anajenga haraka kabla kipande hakijauzwa mara ya pili. Miaka inapita, anakwenda ofisini kutafuta hati, na ofisi, ikiona nyumba imekwisha simama, inachora ramani kuifuata nyumba. Barabara inatafutwa mwishoni, nayo haipatikani. Hatuwahukumu maskini wanaofanya hivi. Mtu mwenye watoto watano na kodi ya miezi mitatu hangoji mpima ardhi. Tunawalaumu zaidi wale wenye mhuri wanaojua kwamba kipande fulani ni njia ya maji, na bado wanatia mhuri.

Tunao mfano wa nyumbani. Wanandoa vijana wa kikundi chetu, waliofunga ndoa Pasaka moja, walinunua parseli kando ya bonde dogo lililoonekana zuri, lenye majani mabichi hata kiangazi. Walipewa karatasi zote walizoambiwa ni za lazima, katika ofisi ambayo hatutaitaja. Majani yale yalikuwa mabichi kwa sababu maji yalipita chini yake. Mvua kubwa ya pili ilichukua jiko na choo. Ya tatu ilichukua pembe ya chumba cha kulala. Waliporudi ofisini, waliambiwa kwa upole kwamba kwenye ramani ya zamani mahali pale palikuwa pameachwa kwa ajili ya mtaro. Ramani hiyo ilikuwepo siku waliyolipa.

Elimu ya jambo hili si ngumu. Kisangani hupata mvua zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka, na mji umekaa kama mgongo kati ya mito miwili, Kongo upande wa kusini na Tshopo upande wa kaskazini. Msitu ulipokuwepo, majani yalipokea matone na mizizi ikanywa. Paa la bati halinywi kitu. Paa 100 zinamwaga maji yake katika kijia kimoja cha miguu; kijia kinachimbwa kuwa mfereji, mfereji unakuwa korongo, na korongo linapanda kurudi nyuma kuelekea nyumba zilezile zilizolizaa. Mwenye nyumba ya juu haoni hatia yoyote, kwa kuwa ua wake ni mkavu. Na mitaro ya zamani ya Makiso, iliyojengwa kwa wakazi wachache wenye bustani kubwa, leo imejaa mchanga na mifuko ya plastiki, na juu ya baadhi yake vimesimama vibanda vya biashara. Ukikiondoa kibanda, unaondoa chakula cha familia. Ukikiacha, mtaa wa nyuma unafurika. Wapangaji wa mji hawana swali gumu kuliko hilo, na asiyekiri ugumu wake hajawahi kusimama mbele ya mama mwenye kibanda.

Tulisema tutarudi kwenye ardhi za misheni. Shinikizo la kuziuza ni kubwa, na sababu huwa nzuri: paa la shule linavuja, mishahara imechelewa. Lakini nafasi iliyobaki wazi katikati ya mji uliojaa ina kazi ambayo haionekani katika daftari la hesabu. Inapokea maji ya mvua. Inapokea wakimbizi, kama ilivyotokea mwaka 2023. Watoto wasio na uwanja hucheza hapo. Maoni yetu, nasi tunajua si wote katika chama wanaokubali, ni kwamba kiwanja cha namna hiyo kikishauzwa vipandevipande, hakuna askofu wala meya wa kesho atakayeweza kukirudisha. Afadhali kikodishwe, afadhali kipandwe miti, kuliko kukatwa.

Mwezi uliopita tulitembea na vijana 17 tukifuata mtaro mmoja, kutoka Plateau Boyoma kuelekea chini. Tulitaka tu kujua unakwenda wapi. Sehemu ya kwanza imejengwa kwa saruji ya zamani, imara, hata nyasi hazijaipasua. Kisha unapita chini ya kibanda cha vinyozi, unapotea, unatokea tena nyuma ya kituo cha pikipiki ukiwa umejaa chupa. Mzee mmoja aliyekaa barazani alituambia kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akishusha mashua za majani ya ndizi humo, nazo zilifika mtoni. Tukaendelea. Baada ya nyumba kadhaa mtaro ulikoma kwenye ukuta mpya wa matofali mabichi, wenye tundu la ukubwa wa ngumi chini yake. Upande wa pili wa ukuta tulisikia watu wakichimba msingi. Vijana walipima upana wa mtaro juu ya ukuta na upana wa tundu, wakaandika katika daftari, wakachora mahali penyewe kwa kalamu ya risasi. Nakala moja tumeipeleka kwa mkuu wa mtaa, nyingine kwa komuni. Ya tatu ipo sakristiani, kwa yeyote kati yenu atakayependa kuja nasi Jumamosi ya pili ya mwezi, saa moja asubuhi, kuendelea kutoka ukuta huo hadi mtoni.